Glavu iliyopotea chini ya Stella: mkono wa mpagazi, tangu kuganda hadi kurudi kukama

Saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, kwenye kokoto za chini kidogo ya Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Mlima Kilimanjaro, mpagazi aliyepewa kazi ya kusindikiza wageni hadi kileleni alivua glavu ya mkono wa kulia ili abadilishe betri za tochi ya mgeni. Aliibana kwapani. Alipoinua mkono kufunga kifuniko cha tochi, glavu ikateleza, upepo ukaichukua, ikapotelea gizani.

Alibaki na glavu ya ndani, ya sufi, iliyokuwa na unyevu tangu jana yake alipokunja turubai lenye umande ulioganda. Mkono huohuo ukaendelea kushika fimbo ya chuma. Alifika Stella, akaendelea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kisha akaanza kushuka. Kabla ya Stella vidole vilikuwa vinauma. Baada ya hapo maumivu yakakoma, naye akadhani vimeshazoea. Saa nne asubuhi, akiwa kambi ya Barafu, alishindwa kufungua zipu ya koti lake mwenyewe.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wanaofanya kazi Kilimanjaro, wala si habari ya mtu mmoja anayeweza kutajwa. Tuseme ni kijana wa miaka 29, kilo 60, mwenyeji wa Marangu, mtumiaji wa mkono wa kulia, mvutaji wa sigara tatu nne kwa siku. Akiwa hayuko mlimani, kazi zake ni za kihamba: kahawa, migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Habari za ng'ombe zina nafasi yake huko mbele.

Kwa nini vidole vinne, na gumba likapona

Mwili ukipoa huokoa kiwiliwili kwanza. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni hujibana, na kidole, ambacho ni ngozi, mfupa na kano bila nyama ya kukizalishia joto, huachwa kijitegemee. Karibu na kilele cha Kibo, kila pumzi ina oksijeni inayokaribia nusu ya ile ya pwani. Ongeza kiu, kwa sababu usiku ule chupa nyingi za maji huganda mdomoni na watu huacha kunywa. Ongeza nikotini, ambayo nayo hubana mishipa. Mwishoni weka sufi yenye maji: maji hunyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa tulivu.

Gumba mara nyingi huponea chupuchupu, kwani mtu akihisi baridi hulikunja ndani ya ngumi bila kufikiri. Ndivyo ilivyokuwa hapa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kwa Waafrika wanaopanda milima: watafiti waliochunguza wanajeshi wa Marekani na Uingereza wameona mara kwa mara kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi zaidi kuliko wenzao waliovaa vilevile. Mishipa ya vidole vyao huchelewa kufunguka tena baada ya kujibana. Isitoshe, vitabu vingi humwambia msomaji atafute ngozi iliyogeuka nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya onyo ni kijivu cha majivu, na kidole hung'aa kidogo kama kilichopakwa nta. Usiitegemee rangi peke yake. Bonyeza ncha ya kidole: ikiwa ngumu kama mshumaa na mwenyewe hasikii kitu, imeganda. Maumivu yanayokoma ghafla huku baridi ikiendelea ni dalili mbaya kuliko maumivu yenyewe. Wapagazi wa Kilimanjaro huitana wagumu, na jina hilo lina gharama yake: mgumu halalamikii vidole.

Barafu: kosa moja, na jambo moja lililofanywa vizuri

Wenzake walimwingiza kwenye hema la jikoni, wakamvua glavu, wakaanza kumsugua. Kisha wakamsogeza kwenye jiko la gesi, kiganja kikielekea moto, kwa dakika tatu hivi. Huruma ilikuwa ya kweli. Ila kidole kilichoganda kina chembe za barafu katikati ya seli, na kukisugua ni kuzigeuza chembe hizo kuwa misumeno. Moto nao una hatari ya namna nyingine: ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kutoa mkono. Ncha ya kidole cha shahada ilishaanza kubabuka ndipo mtu mmoja alipoona.

Baada ya hapo mpishi akafanya jambo lililokuwa sahihi: beseni la maji ya uvuguvugu. Maji yanayotakiwa ni ya nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, mkono ukae humo dakika 15 hadi 30, mpaka ngozi ilainike na rangi irudi hadi kwenye ncha, iwe nyekundu au zambarau. Chini ya nyuzi hizo kuyeyuka huchelewa na uharibifu huongezeka. Ukizidisha, unapika.

Kambini hakuna kipimajoto, lakini hesabu ipo. Barafu iko karibu mita 4,670, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, si 100. Ukichanganya lita mbili za maji yanayochemka na lita tatu za maji ya baridi ya nyuzi 5, unapata kama nyuzi 37, na beseni la baridi hula nyuzi moja au mbili. Kwa hiyo unaongeza kikombe kimoja kimoja, ukipima kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, kama anavyopimiwa mtoto maji ya kuoga. Mgonjwa asipime mwenyewe. Maji hupoa haraka, kwa hiyo mkono hutolewa kwanza, maji ya moto yanaongezwa, yanakorogwa, yanapimwa, ndipo mkono unarudi. Usiegemee upande wala sakafu ya beseni.

Maumivu ya kuyeyuka ni makali. Mtu mzima analia, na ni habari njema, maana mishipa ya fahamu inaamka. Kwa mwenye kilo 60, ibuprofeni hupewa kwa kiasi cha miligramu 12 kwa kila kilo kwa siku, yaani 720, ambazo kwa vidonge vya kawaida huwa 400 asubuhi na 400 jioni pamoja na chakula. Mbali na kutuliza maumivu, hupunguza kemikali zinazobana mishipa na kugandisha damu baada ya kuyeyuka. Asipewe mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu, na yeyote anayepewa anyweshwe maji kwanza.

Je, ilikuwa busara kuyeyushia hapohapo Barafu badala ya kusubiri? Kanuni ni kwamba usiyeyushe kidole ambacho kinaweza kuganda tena, kwa sababu kuganda mara ya pili huharibu kuliko mara ya kwanza. Kama wangekuwa na usiku mwingine juu, jibu lingekuwa hapana. Hapa safari ilikuwa ya kushuka, mkono hautumiki kutembea, na jua lilikuwa limeshatoka. Mguu ungekuwa na jibu jingine: mguu ulioganda unaweza kutembelewa, uliokwisha kuyeyushwa haufai kukanyagiwa.

Mkono ulifungwa shashi kavu, vipande vikipitishwa katikati ya vidole, ukaingizwa kwenye soksi mbili kavu za sufi na kuning'inizwa shingoni kwa khanga. Alilala Mweka Camp, akafika hospitali ya Moshi siku ya pili mchana, zaidi ya saa 30 tangu alipopoteza glavu.

Malengelenge yanasema nini

Usiku ule wa Mweka malengelenge yalitokea. Kidole cha mwisho na cha pete yalikuwa na maji meupe na yalifika hadi ncha. Cha kati na cha shahada yalijaa damu nyeusi kwenye pingili ya mwisho. Tofauti hiyo ndiyo ramani. Maji meupe yanayofika hadi nchani humaanisha uharibifu haukwenda chini sana. Damu humaanisha mishipa ya ndani imepasuka. Kwa kipimo cha daktari Mfaransa Emmanuel Cauchy, kinachoangalia uharibifu umepanda hadi pingili ipi, vidole viwili hivi vilikuwa daraja la pili kati ya manne: pingili ya mwisho iko hatarini, zilizo nyuma yake salama.

Malengelenge ya damu hayapasuliwi. Ya maji, yakiwa yametuna na yanazuia kidole kukunjwa, daktari anaweza kuyanyonya kwa sindano safi, ngozi ikiachwa mahali pake. Juu yake hupakwa utomvu wa shubiri mwitu uliotengenezwa kwa ajili ya vidonda, si jani lililokatwa shambani. Chanjo ya pepopunda ni lazima. Antibiotiki haitolewi kwa tahadhari tu. Hutolewa pakiwa na usaha, harufu, wekundu unaopanda au homa.

Kuna dawa mbili zinazoweza kubadili mwisho wa kisa kama hiki. Moja ni ya kuyeyusha damu iliyoganda, itolewayo ndani ya saa 24 tangu kidole kiyeyuke. Nyingine ni iloprosti, ya kufungua mishipa, yenye dirisha la saa 72, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa kazi hii Februari 2024. Zote zinahitaji wodi yenye uangalizi wa karibu, na hospitali nyingi hazina hata moja. Ndiyo maana yaliyofanywa kwenye beseni la mpishi yana uzito mkubwa hivyo.

Kufikia siku ya 12 ncha mbili zilikuwa nyeusi na kavu. Familia ikataka zikatwe: kitu cheusi mwilini kinatisha, na kila mgeni anayekuja kumpa pole ana hadithi yake ya sumu iliyopanda hadi moyoni. Madaktari wa milima wana msemo, ganda Januari, kata Julai. Weusi mkavu usio na harufu ni kama gome la mti, chini yake ngozi hai inaendelea kujitafutia mpaka, na mpaka huo huonekana vizuri kati ya wiki ya tatu na ya saba. Anayekata mapema hukata pamoja na sentimita ambayo ingepona. Kinachobadili uamuzi ni ulowevu: weusi ukianza kutoa majimaji, kunuka, na homa kupanda, kisu hakisubiri.

Wiki ya kumi, kidole cha shahada kilipoteza nusu ya pingili ya mwisho pamoja na kucha. Cha kati kilidondosha gome lake chenyewe, kikabaki na ncha nyembamba iliyochongoka na kucha iliyojikunja. Kilichopoteza ni kilekile kilichokuwa karibu zaidi na jiko la gesi. Hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini kuungua juu ya kuganda hakujawahi kumsaidia mtu.

Siku 12 za ngumi ya bendeji

Kosa kubwa la kisa hiki halikutokea mlimani. Mkono ulifungwa bendeji moja nene, vidole vyote pamoja, kama ngumi ya bondia, akaambiwa aupumzishe. Akaupumzisha kwa siku 12. Ilipofunguliwa, vifundo vya kiganjani, vile vinavyotokeza ukikunja ngumi, vilikunjika nyuzi 50 tu kati ya 90. Kiungo cha katikati cha kidole cha kati kilikuwa kimekunjwa, kikikosa nyuzi 35 ili kinyooke. Viungo hivyo havikuwa vimeganda kamwe. Viliharibiwa na mapumziko.

Kano za pembeni za kifundo cha kiganjani hulegea kidole kikiwa kimenyooka na hukazika kikiwa kimekunjwa. Mkono uliovimba hupenda kukaa na vifundo vimenyooka na viungo vya kati vimekunjwa, mfano wa ukucha wa ndege. Ukiachwa hivyo, kano zilizolegea hujifupisha, na baadaye kukunja ngumi kunakuwa vita. Ndiyo maana banzi la mkono wenye uvimbe huwekwa kinyume cha mkono unavyotaka: kifundo cha mkono kimeinuliwa nyuma nyuzi 20 hadi 30, vifundo vya kiganjani vimekunjwa karibu nyuzi 70, vidole vimenyooka. Banzi huvaliwa usiku. Mchana ni wa kazi.

Kila kidole kinatakiwa kifungwe shashi peke yake, safu mbili tatu, ili kiweze kukunjika. Mkono unakaa juu kuliko moyo, hata usingizini, kwenye mito miwili. Mara moja au mbili kwa siku unaingia kwenye beseni la maji ya nyuzi 37 hadi 39 yenye sabuni isiyo kali, na mazoezi yanafanyiwa humohumo kwa sababu maji ya vuguvugu hulegeza. Mazoezi yana mikao mitano: vidole vyote vimenyooka, ndoano, yaani viungo vya juu vimekunjwa na vifundo vimenyooka, ngumi kamili, meza, yaani vifundo vimekunjwa na vidole vimenyooka, kisha ngumi bapa, ncha zikigusa sehemu ya chini ya kiganja. Kila mkao sekunde tano, mara kumi, kila saa mtu awapo macho. Mwenyewe ndiye akunje. Ndugu anayevuta kidole kwa nguvu ili "kikubali" huchana kinachopona.

Kidole cha kati kiliwekewa plasta ya pi-o-pi ikikinyoosha hadi pale kinapofika bila maumivu, ikabadilishwa kila wiki. Kwa wiki sita kikarudishiwa nyuzi 25 kati ya 35. Kumi zilizobaki amebaki nazo. Hazimzuii kitu, isipokuwa kuingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa suruali.

Kidole kisichohisi, na kidole kinachohisi kupita kiasi

Baada ya ngozi kufunga, vidole viwili vilikuwa na matatizo yanayopingana. Kigutu cha shahada kilikuwa kikali mno: shuka likikigusa aliruka. Cha kati kilikuwa na ganzi.

Kwa kigutu, dawa ni kukizoesha. Dakika tano, mara nne kwa siku, kwa vitu vinavyozidi kuwa vikali: pamba, halafu khanga laini, halafu taulo, halafu bakuli la mchele mbichi, mwishoni maharage na mchanga mkavu. Kila hatua inaanza pembezoni mwa eneo linalouma, si katikati, na haipandi ngazi mpaka ile ya chini imekuwa ya kuchosha tu. Kovu hukandwa kwa mafuta ya nazi, duara ndogo, kwa shinikizo la kutosha kulibadilisha rangi kucha ya kidole kinachokanda. Usiku kigutu kilifungwa utepe wa kuvutika, ukikaza zaidi nchani na kulegea kuelekea kiganjani, ili kisibaki na umbo la rungu. Ukikaza kinyume, unafunga uvimbe ndani. Maumivu ya umeme ya usiku yalitulizwa na amitriptilini miligramu 10 kabla ya kulala, aliyoandikiwa na daktari.

Kwa cha kati, kazi ilikuwa kukifundisha upya. Ndani ya bakuli la mchele huzikwa sarafu ya shilingi 100 na ya 200, funguo, kifungo, punje ya njugu. Anatafuta akiangalia, kisha amefumba macho, kisha anaangalia tena ili ubongo ulinganishe. Mishipa ya fahamu ikiota upya huenda karibu milimita moja kwa siku, kwa hiyo wiki ya kwanza isiyo na mabadiliko si ushahidi wa kitu chochote.

Kabla hisia hazijarudi, jicho ndilo kidole. Maji ya kuoga hupimwa kwa mkono wa kushoto. Sufuria haishikwi kwa kuguswaguswa. Jioni kila ncha inakaguliwa chini ya taa kutafuta mchubuko au lengelenge ambalo mwenyewe hakulisikia. Na jiko la mkaa, ambalo msimu wa baridi wa Juni na Julai kila mtu hulizunguka, kwake ni hatari: vidole vinavyoona baridi daima huvutwa na moto, na visivyohisi havijui kurudi nyuma.

Ugali ulikuwa mtihani wa kwanza. Kumega tonge ni kazi ya ncha za vidole vitatu. Gumba hubonyeza shimo la mchuzi, shahada na cha kati hubeba. Ugali uliotoka jikoni una joto la kuunguza, na mtu mwenye hisia huucheza upesi. Yeye aliunguza cha kati mara mbili katika wiki moja bila kujua. Suluhisho likawa la kawaida kabisa: anakatiwa kipande pembeni ya sahani, anasubiri dakika tatu, anakigusa kwa kidole cha pete ambacho hisia zake zimerudi, ndipo anamega kwa gumba, cha pete na ubavu wa cha kati. Kijiko alipewa, akakikataa, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kumlazimisha.

Vishikio, vifungo, alama za vidole

Kidole kifupi kikishika mpini mwembamba hulazimika kukaza kuliko kinavyoweza. Unene wa sentimita tatu hadi nne unatosha kwa kisu, mwiko, brashi na mpini wa mundu. Tyubu ya baiskeli iliyochoka hufanya kazi hiyo kuliko vishikio vingi vya dukani. Inakatwa mkanda wa upana wa sentimita mbili na nusu, inazungushwa huku kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, safu tatu au nne, mwisho ukabandikwa kwa gundi ya viraka. Kabla ya gundi, ioshe na uipige msasa, la sivyo unga mweupe wa ndani ya tyubu utaifanya ibanduke wiki hiyohiyo. Ndoo yenye mkono wa waya huvalishwa kipande cha mpira wa bomba cha sentimita 12, kilichopasuliwa kwa urefu.

Vifungo vya shati vilimshinda miezi mitano. Waya laini ulikunjwa kama jani la mnazi, ukatiwa kwenye kipande cha mti: unapitishwa kwenye tundu, unanasa kifungo, unakivuta. Zipu zote zilitiwa pete ya funguo. Kwenye simu, gumba la kushoto lilichukua kazi ya kuandika.

Na kuna usumbufu ambao hakuna daktari aliyemwonya nao. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Ngozi mpya ya ncha iliyoganda ni laini, mistari yake imefutika au haisomeki, na mashine humkataa mtu mwenye kitambulisho chake mkononi. Jibu ni kumwambia wakala mapema atumie kidole kilichosalimika, hapa gumba au mkono wa kushoto, kuliko kubonyezabonyeza kilekile mara kumi.

Ng'ombe, kahawa, na kurudi mlimani

Mkono haukurudishwa bandani mpaka ngozi ilipofunga kabisa, kwa ajili yake na kwa ajili ya kiwele pia. Kidonda kikimgusa ng'ombe huweza kumwachia ugonjwa wa kiwele, na kinyesi kikigusa kidonda matokeo yanajulikana.

Anayekama kwa mkono mzima huanza kwa kufunga pete juu ya chuchu kwa gumba na shahada ili maziwa yasirudi, kisha cha kati, cha pete na cha mwisho hukaza kwa zamu kwenda chini. Ncha ya shahada haihitajiki kwenye pete hiyo, ila mazoea huipeleka hapo. Alijifunza kubana gumba dhidi ya ubavu wa pingili ya kati ya shahada, kigutu kikitazama nje hewani. Kukama kwa kuvuta na ncha mbili, ambako wengi hukutumia kumalizia, ameachana nako. Maji ya kuoshea kiwele siku hizi ni ya vuguvugu, na ng'ombe mwenyewe ameonyesha kutolalamika. Alianza na dakika tano kwa mkono wa kulia, kushoto ukamalizia. Mwezi wa nane tangu ajali ukawa nusu kwa nusu. Kahawa ilikuwa nyepesi zaidi: badala ya kuchuna buni kwa ncha, anaipinda kwa gumba na ubavu wa cha kati. Kasi imepungua, na kucha iliyojikunja inabidi ikatwe fupi kila wiki, vinginevyo inachana matunda.

Kilichobaki ni baridi yenyewe. Vidole vilivyoganda mara moja huwa na kumbukumbu: soda ya friji, maji ya bomba ya alfajiri, upepo wa bodaboda, vyote huvifanya vife ganzi na kuuma kwa dakika kumi au zaidi. Hutoa jasho jingi kuliko vingine, kisha ngozi hupasuka. Mafuta ya mgando kila usiku na glavu ya pamba juu yake hupunguza mpasuko. Sigara ziliachwa, na hilo halikuwa na mjadala. Viungo huweza kuanza kuuma miaka mingi baadaye kama vya mzee, kwa hiyo picha za eksirei za mwanzo zitunzwe.

Zitunzwe pia karatasi nyingine: picha za mkono za kila siku zikipigwa kwenye mwanga uleule, tarehe, kambi, jina la kampuni na la kiongozi wa safari. Mpagazi hupoteza haki zake mara nyingi kwa kuwa ajali iliripotiwa kwa mdomo, na mtu aliyeisikia yuko safari nyingine. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na swali la kama ajira yake iliandikwa linaulizwa siku ya kwanza.

Kurudi mlimani kuliruhusiwa baada ya mwaka, kwa kambi za chini tu, bila usiku wa kilele. Glavu sasa ni za tabaka mbili: ya ndani nyembamba, kavu, isiyovuliwa hata kwa dakika moja, na ya nje ya kifuko kimoja kinachovipa vidole joto la pamoja, yenye kamba iliyofungwa kifundo cha mkono. Isiwe ya kubana, maana kidole kilichobanwa hakipati damu. Jozi ya akiba hukaa ndani ya koti, si chini ya begi. Vifuko vya kutoa joto havitegemewi sana juu: unga wa chuma ulio ndani hupata moto kwa kula oksijeni, na huko oksijeni ni haba. Asiye na vifaa anaweza kuazima Moshi, kwenye mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, kabla safari haijaanza.

Na betri za tochi za wageni zinabadilishwa zote Barafu, saa tano usiku, ndani ya hema la kulia chakula.